Mama Anastasie Mukamurenzi Ajifunza Kuaga

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mama Anastasie Mukamurenzi, mwanasaikolojia wa kitabibu na msimamizi wa wanafunzi wa shahada ya pili katika kituo chetu cha Masisi, anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi wa sita, 2023. Wenye macho makali wameshaona kwamba siku hiyo ni sikukuu ya uhuru wa nchi. Yeye anasema ni bahati tu. Sisi tuliofanya naye kazi tunajua kwamba wapo watu hapa kituoni watakaosherehekea uhuru kwa sababu zao wenyewe, hasa wale waliowahi kuchelewa mkutano wa Jumatatu.

Anayeandika, na anayewasomea hapa leo, ni Adelaïde Muhawenimana, wa mapokezi. Mimi si mwanasaikolojia. Kazi yangu ni mlango na birika la chai, na kutoka hapo nimemwona Mama Anastasie akiingia na kutoka kuliko mtu mwingine yeyote. Alipotafutwa wa kuandika wasifu huu, wenzangu wenye shahada walikataa wote, wakidai kwamba wanamheshimu mno. Ukweli ni kwamba wanamwogopa. Mimi pia namwogopa, lakini leo anayeondoka ni yeye.

Kwa kweli, wasifu huu ulipaswa kuandikwa miaka miwili iliyopita. Umri wa kustaafu ulifika, keki ikaagizwa, na mhusika akagoma. Sababu yake ilikuwa moja na ilikuwa nzito. Chuo kikuu kinachotuletea wanafunzi kilikuwa kimesema wazi kwamba bila msimamizi mwenye shahada ya pili, aliyepita mtihani wa juri, yaani jopo la maprofesa, na anayeishi hapa hapa, wanafunzi watapelekwa Goma. Na wanafunzi wakienda Goma, vilima hivi vinabaki bila mtu wa kuwasikiliza wagonjwa, kwa maana kazi kubwa hapa inafanywa na wanafunzi hao. Mama alikuwa amefundisha kundi zima la wanasaikolojia, na wote, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamepanda gari wakaenda mjini. Basi akasema haondoki mpaka apatikane wa kubaki. Keki tuliila bila yeye.

Mama Anastasie alizaliwa kwenye vilima hivi hivi, katika familia ya wakulima wa maharage na mihogo. Alisoma Kisangani, enzi ambazo ukienda Kisangani familia inakuaga kwa machozi na kuku wa kuchinjwa. Aliporudi na shahada yake, wajomba walikaa wakamwuliza anatibu ugonjwa gani hasa. Akawaeleza kwa utaratibu. Mjomba mmoja alifikiri kidogo, kisha akatoa hukumu mbele ya ukoo mzima: "Kumbe walikufundisha kusikiliza bantu? Hiyo njo kazi ya bibi yako, na hakusoma." Mama husimulia kisa hiki kila mwaka kwa wanafunzi wapya, na kila mwaka hucheka kabla hajafika mwisho.

Alianza kazi hapa mwaka 1997. Wazee wetu wanakumbuka mwaka ule ulivyokuwa, sina haja ya kuueleza. Siku hizo mwanamke asiyelala usiku alipewa vitamini. Mwanamume aliyeacha kuongea aliombewa, na akiendelea kunyamaza aliombewa kwa sauti kubwa zaidi. Mama Anastasie alipewa chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, kiti kimoja na nusu, na akaanza kuwaita watu mmoja mmoja. Wengi walikuja wakidhani atawapima damu. Walirudi kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa kimya mbele yao muda mrefu vile bila kuwaharakisha.

Wanafunzi wa shahada ya pili, wale tunaowaita wastajere, walianza kufika miaka kumi na moja baadaye. Wa kwanza alikuwa Darius, kijana wa mjini, viatu vimechongoka, miwani ya bei. Darius alikuja na swali lake la utafiti: je, uzito wa huzuni moyoni mwako, kuanzia sifuri mpaka kumi, ni kiasi gani? Mama akampeleka Buleusa, upande wa Walikale, akamwacha aulize. Alizunguka kijiji siku nzima. Mama wa kwanza alijibu tano. Wa pili, tano. Mjane aliyezika watoto, tano. Msichana aliyekuwa akicheka tangu asubuhi, tano. Kijiji kizima kilikuwa tano. Jioni Darius alichora mchoro wake, ukawa mstari umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na karibu alie.

Mama Anastasie, ambaye alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba kucheka peke yake, ndiye aliyemtafutia maelezo. Akina mama walikuwa wamesikia habari za swali kabla hajafika, wakakutana kanisani usiku wa kuamkia siku ile na kukubaliana jibu. Mmoja wao alimweleza Darius kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni: "Tulisikia inaanza na zero inafika kumi. Tukasema tukutane katikati, juu nani angeweza kusema uchungu yake inapita ya mwenzake?" Kwao ilikuwa adabu. Majirani hawapimani machozi mbele ya mgeni.

Kesho yake Mama alimnyang'anya Darius kalamu, akampa ungo wa maharage, akamkalisha kati ya wale akina mama akachambue mawe, na akamkataza kuuliza chochote. Hadi adhuhuri alikuwa amesikia zaidi ya alivyosikia katika miaka yake yote ya chuo. Na kwa bahati mbaya kwa waliomfuata, Mama aliona kwamba njia hiyo ni nzuri.

Tangu siku ile, kila mstajere wa kituo hiki amesimamiwa juu ya ungo. Ndivyo tunavyofanya: Jumatatu na Alhamisi mwanafunzi anakaa mbele ya Mama, maharage mapajani, anachambua huku akieleza mazungumzo yake na mgonjwa. Mama hatazami uso, hatazami karatasi. Anatazama mikono. Mikono ikiwa inaenda, anaacha hadithi iende. Mikono ikisimama, hata kwa pumzi moja, anainua kidole: "Mutoto, mikono imesimama. Rudia pale." Na kila mara ni pale pale mwanafunzi alipoogopa, au alipomkatiza mgonjwa, au alipojiona yeye mwenyewe ndani ya maneno ya mwenzake. Nimeona vijana wenye alama kubwa za chuo wakitoka katika chumba kile wamelowa jasho, na mabinti wakitoka wakifuta macho, wananiomba chai. Nimeona pia maharage safi sana. Wageni wanaokula chakula cha mchana hapa husifu kwamba hawajawahi kuuma jiwe, na sisi hatuwaambii gharama yake.

Sasa niseme na kasoro zake, maana wasifu usio na kasoro ni wa marehemu, na Mama bado yupo, tena amekaa safu ya mbele ananitazama.

Kwanza, Mama husinzia mkutanoni. Yeye anaita kusikiliza kwa macho yaliyofungwa. Tungemwamini kama asingekoroma.

Pili, Mama na pikipiki. Kwa miaka mingi amebebwa na Prince, motari mwenye subira kuliko wote wa Masisi, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kukubali kwamba pikipiki ni chombo cha kusafirishia watu. Hupanda akiwa na rozari mkono mmoja na koti la Prince mkono mwingine, na kwenye kila mteremko wakulima mashambani husikia sauti yake: "Prince! Tuko naenda ku kazi, hatuko naenda mbinguni!" Prince anasema rozari nzima anaijua kwa moyo, mafumbo yote, ingawa yeye ni Mprotestanti.

Tatu, fromaji, yaani jibini. Kila safari ya Walikale Mama alibeba fromaji ya Masisi, duara zima, akiamini kwamba hakuna mtu wa msituni anayeweza kukataa mazungumzo akishaonja maziwa ya vilima. Joto la Mubi, huko huko Walikale, lina maoni mengine. Mara moja begi lake lilifunguliwa katika mkutano na viongozi wa mji, na mkutano ukahamia nje.

Na tukiwa bado Mubi, sharti nitaje lori. Mubi ni mji wa maduka, malori na pikipiki zinazohudumia machimbo, na kimya huko hakiuzwi dukani. Mama alimtafutia mgonjwa mmoja, mfanyabiashara, mahali pa faragha. Makelele yalikuwa kila upande. Mwishowe akaona lori limeegeshwa, tupu, limefunikwa turubai, akapanda nyuma pamoja na mgonjwa wake, wakakaa kwenye magunia na kuanza mazungumzo. Dereva alimaliza kula, akapanda mbele, akawasha, akaondoka. Hakujua ana abiria. Wastajere walikimbia nyuma wakipiga mayowe mpaka pumzi ikawaishia, Prince akafuata kwa pikipiki, akawapata kwenye kizuizi cha barabarani. Alipofunua turubai, alimkuta Mama ameinua kidole kumnyamazisha kwa sababu mgonjwa alikuwa katikati ya sentensi. Mpaka leo Mama anashikilia kwamba kilikuwa kikao bora zaidi cha maisha yake, maana mgonjwa hakuwa na namna ya kuondoka.

Turudi kwenye jambo lenyewe, lile la mrithi. Darius yuko Kinshasa, ana ofisi yenye mapazia. Amemtumia Mama salamu na picha yake akiwa na suti. Raphaël yuko Bukavu, Olga yuko nje ya nchi. Hatuwalaumu. Mtu aliyesoma kwa taabu ana haki ya barabara ya lami. Lakini kila walipoondoka nilimwona Mama akisimama mlangoni mwangu, akipunga mkono mpaka gari linapotea, kisha akiniomba chai na kuisahau mezani.

Hapo ndipo aliingia Brigitte Uwizeye. Brigitte ni binti wa wakulima wa kilima kile mnachokiona mkitoka sokoni, mtoto wa maharage kabla hajawa mtoto wa vitabu. Alimaliza masomo yake ya shahada ya pili, akafanya mwaka mzima wa mazoezi hapa, na mwezi wa tatu juri ikaja Masisi kumpima. Sote tulijua kinachopimwa. Akishindwa, hakuna msimamizi, na wanafunzi wanakwenda Goma.

Mwenyekiti wa juri, Profesa Nzabandora, ni mtu wa haki na wa projekta. Brigitte alikuwa ameandaa picha za kurusha ukutani. Umeme ulikatika kabla ya picha ya pili. Na umeme ulipokatika, Brigitte naye akakatika. Mama Anastasie hakuwa mjumbe wa juri, na kanuni ilimkataza kusema. Aliinuka, akatoka, tukadhani amekata tamaa. Akarudi na ungo wa maharage, akauweka mikononi mwa Brigitte, akarudi kwenye kiti chake na kufumba macho.

Brigitte alikaa. Akaanza kuchambua, na maneno yakaanza kuja, polepole, kisha yote. Kisa chenyewe sikisemi, kwa sababu ni cha mtu, na Mama angenifuata mpaka nyumbani. Ninachoweza kusema ni kwamba katikati ya maelezo mikono ya Brigitte ilisimama. Mama hakufumbua macho. Brigitte akaiona mwenyewe mikono yake, akavuta pumzi, akawaambia wajumbe: "Njo hapa nilikosea. Niliogopa kilio yake, nikamupatia shauri ili anyamaze." Na akaeleza alivyorudi kwa mgonjwa wake, na alivyokaa mara ya pili bila kumpa shauri lolote. Profesa aliweka kalamu chini. Alimpa alama ambayo hakuna mstajere wetu aliyewahi kuipata.

Tulishangilia mapema mno. Profesa, akiwa anapanda gari, alimpa Brigitte nafasi ya kufundisha chuoni, Goma.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya kuchekesha kuliko yote niliyoyaona hapa, na pia yaliniuma. Mama Anastasie amefundisha maisha yake yote kwamba mshauri hamwamulii mtu. Kwa hiyo hakumwambia Brigitte abaki. Ila kila siku ya soko fromaji ilitokea mezani pa Brigitte. Ila alianza kusifu hewa ya Masisi kwa sauti, peke yake, dirishani. Ila aligundua ghafla kwamba jirani yake ana kiwanja kizuri, kina maji karibu, na akampitisha Brigitte pale mara kadhaa, kila mara kwa bahati. Prince alimshauri Mama akanunue na ng'ombe kabisa. Tulimcheka waziwazi, naye akatukasirikia waziwazi, na jioni moja nilimkuta chumbani mwake amekaa gizani, akaniambia kwamba anaogopa. Ni mara moja tu nimemsikia akilisema neno hilo juu yake mwenyewe.

Brigitte alitoa jibu Jumatatu, katika mkutano. Alisema kwamba juu ya kilima chao kuna watu wanaomsalimia tangu akiwa mtoto, wanaomwuliza habari za masomo, na hawajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba hawalali. Goma ina wanasaikolojia wengine. Atabaki. Kabla hatujapiga makofi akainua kidole, na tunajua ni nani aliyemfundisha, akamgeukia Mama: "Lakini kama uko hapa, bantu bote batakuya kwako tu, na mimi nitakuwa mutoto wako mupaka nizeeke. Mimi nabakia, weye unaenda."

Mama, ambaye amewafundisha wote jinsi ya kuagana na mgonjwa, jinsi ya kufunga kazi bila kuburuta, alijaribu kupatana bei kama yuko sokoni. Hata kusalimia? Hata kusalimia, kwa mwaka mzima. Hata mkutano wa Jumatatu? Hasa mkutano wa Jumatatu. Alitazama viganja vyake, kisha akauliza kwa sauti ambayo sikuwa nimeizoea: "Ao nikikuya kama mugonjwa?"

Hakuna aliyecheka. Brigitte akamjibu kwamba mgonjwa hakatazwi hapa, ila atangoja zamu yake kama wengine wote.

Yanayofuata nayaandika kwa ruhusa yake. Nilipomwuliza, alisema niyaandike, ili wale wanaopita mbele ya mlango wetu kwa aibu wayasome.

Juma lililopita Prince alimleta asubuhi, polepole, bila kelele za mteremko. Hakuingia kwa mlango wa wafanyakazi. Alikuja kwenye meza yangu, akanitajia jina lake kamili, nami nikaliandika kana kwamba silijui. Alikaa kwenye benchi kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mmoja wa Buleusa. Alingoja. Zamu yake ilipofika, Brigitte alifungua mlango akamwita, na Mama Anastasie Mukamurenzi, aliyesikiliza vilima hivi miaka ishirini na sita, akaingia ili naye asikilizwe.

Alikaa humo saa nzima. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Sikumwuliza kitu, kwa maana ndivyo alivyotufundisha. Nilimpa chai, na mara hii aliinywa yote.

Mama Anastasie, kwa niaba ya wafanyakazi, ya wastajere wote waliopita mikononi mwako, na ya watu wa Masisi, Buleusa na Mubi wasioweza kuandika humu kwa sababu ulizitunza siri zao, tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha nje ya mikutano, na miaka mingi kwenye shamba lako. Mlango wa wafanyakazi tumeufunga kama ulivyokubali. Ule mwingine uko wazi. Zamu yako ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Tafadhali usichelewe, maana nyuma yako kuna watu wanaongoja.